Kaka ametuma picha za mabuti matatu, nichague lipi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 47, naishi Kigoma mjini, kule Bangwe, na biashara yangu ni dagaa na migebuka. Nanunua Kibirizi alfajiri, nakausha, nauza sokoni Mwanga, na mzigo mwingine napakia kwenda Tabora. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nashuka kwenye boti, ubao ulikuwa na utelezi, mguu wa kulia ukapinda kwa ndani na nikasikia kitu kimelia "kah!" Nilidhani nimeteguka tu. Nikamaliza kuhesabu ndoo zangu, ndipo mguu ukavimba hadi ndala ikagoma kuingia.

Hospitalini walinipiga eksirei. Daktari akasema ule mfupa mwembamba wa upande wa nje, pale kifundoni, umevunjika lakini haujahama, kwa hiyo sihitaji upasuaji. Wakanifunga plasta ya nusu, wakanipa magongo na kunikataza kukanyaga. Juzi nimerudi, picha mpya inaonyesha panaendelea vizuri. Nimeambiwa sasa naweza kufungwa plasta ngumu nzima, lile hogo, au nitafute buti la kutembelea, yale mabuti makubwa ya kijivu wanayovaa wachezaji mpira wakiumia. Na nianze kukanyaga kidogo kidogo. Foleni ilikuwa ndefu, sikuuliza mengi.

Kaka yangu yuko Dar es Salaam. Amezunguka Kariakoo na kunitumia picha tatu WhatsApp. Buti la kwanza ni fupi, linaishia juu kidogo ya kifundo, jepesi, bei nafuu. La pili ni refu hadi karibu na goti, lina mikanda mingi na kitufe cha kujazia upepo. La tatu ni refu pia, la mtumba, lina bawaba pembeni zenye namba. Muuzaji anasema lilikuwa la mchezaji aliyekatika kano ya kisigino, na ndani bado kuna vipande vya sponji vya kuinua kisigino, eti "vinampumzisha mgonjwa". Hilo la tatu bei yake ni nusu ya la pili. Kaka anasema tuchukue hilo, maana ndilo lenye mambo mengi.

Mama mkwe anasema nisipoteze hela. Kuna mzee anayeunga mifupa huko upande wa Manyovu, atanikanda kwa maji moto na mawese na baada ya wiki mbili natembea. Mume wangu ni dereva bodaboda, yeye anachouliza ni lini nitarudi Kibirizi, maana wateja wanahama.

Nyumba yetu iko mtelemkoni, choo ni cha shimo na kiko nje, na mimi ni mtu wa swala tano. Hilo dude nitaishi nalo vipi? Halafu nisisahau, nina sukari, mwaka wa sita sasa. Natumia vidonge, haijanisumbua sana zaidi ya ganzi kidogo kwenye vidole vya miguu.

Nijibu haraka Shangazi, kaka anasubiri.

Mama Dagaa, Bangwe

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kaka mwambie asilipe chochote leo.

Nimefanya kazi wodi ya mifupa hadi nikastaafu, na wagonjwa wengi niliowahudumia walikuwa na tabia moja: jambo kubwa wanalisema wakiwa wameshanyanyuka kwenye kiti, wanaaga. Wewe umelisema kwenye mstari wa mwisho. Sukari, mwaka wa sita, na ganzi vidoleni. Unasema haijakusumbua. Ganzi ndiyo usumbufu wenyewe. Mishipa ya fahamu ya mguu ikishachoka kwa sukari, ngozi haitoi tena taarifa. Mtu mwingine mkunjo wa soksi ukimsugua, nusu saa tu anavua na kulalamika. Wewe unaweza kutembea na mkunjo huohuo kutwa nzima, jioni ukavua buti ukakuta lengelenge limeshapasuka, na kidonda cha mguu wa mwenye sukari unakijua kilivyo kigumu kufunga. Mfupa nao, kwa mwenye sukari, mara nyingi huchelewa kuunga. Zile wiki sita unazosikia wengine wamekaa na plasta huenda zisiwe hesabu yako.

Sasa nikuulize: daktari aliyekwambia uchague, anajua habari ya ganzi? Kama hukuuliza mengi, yawezekana hukusema mengi pia. Rudi ulikotibiwa kabla hela haijatoka, na ubebe kadi yako ya kliniki ya sukari. Mwombe akuguse nyayo aone unahisi wapi na wapi huhisi. Kisha muulize kama mvunjiko wako umetulia kiasi cha kutembelea buti, akutajie "kidogo kidogo" ni uzito gani hasa, na kama unaruhusiwa kuvua usiku na wakati wa kuoga. Majibu yaandike kwenye kadi palepale, kwa sababu ukifika nyumbani kila mtu atakuwa na yake.

Hilo la uzito usiliache hewani. Daktari au mtaalamu wa mazoezi tiba anaweza kukwambia, kwa mfano, weka kilo 20 tu kwa wiki mbili za mwanzo. Wewe ni mfanyabiashara, mizani unaijua. Iwe ya sakafuni, ya kukanyaga, siyo ya kuning'iniza. Simama na magongo, mguu mzima juu ya ubao au tofali lenye kimo sawa na mizani, mguu mgonjwa uuweke juu ya mizani ukiwa na buti, halafu uegemee polepole mpaka mshale ufike kwenye kiasi ulichopewa. Rudia mpaka mwili ukariri. Wengi wakiambiwa wakanyage kidogo huweka nusu ya mwili wao bila kujua, na mwenye ganzi ndiye wa kwanza kuzidisha kwa sababu hasikii maumivu ya kumzuia.

Kwa sababu hiyohiyo, usishangae daktari akibadili kauli na kusema ufungwe hogo. Uzuri wa hogo ni kwamba huwezi kulivua ukakimbilia sokoni. Ubaya wake kwako ni kwamba linaficha ngozi, kidonda kikianza ndani hukioni. Buti unalivua, unakagua, unaosha mguu, unafanya mazoezi ukifika wakati wake. Mimi kwa mtu mtulivu anayekagua miguu yake kila jioni ningependa buti. Kwa mtu aliyevunjika mfupa akamaliza kwanza kuhesabu ndoo za dagaa, nasitasita. Jipime mwenyewe, na umwambie daktari ukweli.

Tuseme amekubali buti. Hapo swali la lipi ni zuri kuliko jingine halina maana mpaka useme nini kimeumia, kwa hiyo tuzichukue picha za kaka yako kwa mpango huo.

Lile fupi ni la mbele ya mguu: vidole, mifupa ya wayo, na ule mvunjiko mdogo unaotokea ubavuni mwa wayo, upande wa kidole kidogo, mtu anapojikwaa na kupinda mguu. Kifundo linakigusa tu, halikitawali. Ili kifundo kisijipinde, fremu inatakiwa kushika na muundi pia, ipande juu karibu na goti. Kwa mvunjiko wako, tena kwenye mteremko, fupi ni hela iliyopotea hata kama ni bei nafuu.

La tatu ndilo linalonitia wasiwasi. Vipande hivyo vya sponji havimpumzishi kila mgonjwa. Mtu aliyekatika kano ya kisigino hufungwa mguu ukiwa umeelekea chini, vidole chini kisigino juu, ili ncha mbili za kano zikaribiane na kushikana. Vipande hivyo hupunguzwa kimoja kimoja, kwa ratiba ya daktari. Wewe kano yako ni nzima. Ukivaa buti lile jinsi lilivyo, utakaa wiki kadhaa umesimama kwa vidole, uzito wote kwenye sehemu ya mbele ya wayo ambayo ndiyo yenye ganzi, na siku ukivua kifundo kitakuwa kigumu kurudi pembe ya mraba. Namba za kwenye bawaba nazo ni nyuzi za pembe: zinaruhusu kifundo kikunje kiasi fulani, wakati fulani. Mtaalamu akizifunga kwenye sifuri na kutoa sponji zote, buti hilo linaweza kukufaa. Lakini kununua kifaa cha kurekebishwa na mtaalamu kwa kuwa bei ni nusu, halafu ukirekebishe mwenyewe Bangwe kwa kubahatisha, hapana.

Linabaki la pili, refu, lisilo na bawaba. Upepo siyo anasa. Mguu uliovunjika, asubuhi ni mwembamba na jioni umevimba, na vile vifuko vya hewa vinaziba nafasi inayobaki. Ila kwako vina hatari yake: mtu mwenye ganzi anaweza kujaza mpaka akajibana damu asijue. Ukikosa lenye upepo, refu la kawaida lenye sponji nene ndani na mikanda ya kunata linatosha kabisa. Usimruhusu muuzaji akuuzie upepo kama ndio dawa.

Saizi kaka asikisie. Mabuti haya mengi huja kwa ndogo, ya kati, kubwa na kubwa zaidi, kila moja ikibeba namba kadhaa za viatu, na mengi hayana kulia wala kushoto. Pima jioni mguu ukiwa umevimba: weka karatasi sakafuni, kaa kwenye kiti, mtu akuchoree wayo, upime kutoka kisigino hadi kidole kirefu kuliko vyote. Kisha zungusha tepu ya fundi cherehani kwenye sehemu nene ya shavu la mguu. Mwandikie kaka vipimo hivyo viwili pamoja na namba ya kiatu unachovaa. Mwambie vidole visichungulie nje ya ukingo wa soli, na visifike mwisho kabisa vikagonga. Hata likiwa jipya alikague: plastiki isiwe na ufa pale kifundoni, soli iwe sawa pande zote mbili, mikanda ishike kweli ukiivuta. La upepo alijaze, aliache hotelini au nyumbani usiku kucha, asubuhi aone kama limesinyaa. Na amuulize muuzaji kama anauza sponji ya ndani peke yake, kwa joto la hapa Kigoma utahitaji kuifua, na ikiwa mbichi huna cha kuvaa.

Likifika, vaa ukiwa umekaa. Soksi ndefu ya pamba kwanza, isiyo na mshono mnene, iliyonyooshwa mpaka hakuna mkunjo. Pitisha mkono ndani ya buti kila asubuhi kabla ya kuingiza mguu. Punje moja ya mchanga wa ziwani inatosha kukuharibia mwezi. Sukuma kisigino nyuma mpaka kiguse, funika sponji, kisha funga mikanda kuanzia ya vidoleni ukipanda juu. Upepo unajazwa mwisho, kidogo. Halafu bonyeza kucha ya kidole gumba cha mguu huo mpaka iwe nyeupe, achia: rangi irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Ikisuasua, legeza. Kipimo chako ni hicho, siyo unavyohisi.

Jioni vua, kama umeruhusiwa, na ukague kila mahali: kisigino, katikati ya vidole, vifundo vyote viwili, na chini ya wayo kwa kioo kidogo au kwa macho ya binti yako. Ukiona wekundu au weusi usioondoka baada ya nusu saa, buti linabana mahali hapo na linahitaji kurekebishwa kabla hujalivaa tena. Mguu ukiwa wa moto na umevimba kuliko mwenzake, hata bila maumivu, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo. Na shavu la mguu likivimba na kuuma, au ukaanza kuhema kwa shida na kifua kuchoma, usingoje kupambazuke. Damu inaweza kuganda kwenye mshipa wa mguu uliokaa bila kutembea na kipande kikapanda mapafuni.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Buti lina soli nene, litakuinua upande mmoja kwa sentimita 2 au 3, mengine zaidi. Mguu wa kushoto ukibaki na ndala, utachechemea kutwa, na baada ya siku chache kiuno na nyonga vitaanza kuuma kuliko hata mvunjiko. Chukua raba ya zamani inayokushika vizuri, mpelekee fundi viatu pale Mwanga, mwambie aongeze soli chini. Ujue imetosha hivi: simama wima na buti upande mmoja na raba upande mwingine, binti yako aweke viganja vyake juu ya mifupa ya nyonga zako, kulia na kushoto. Viganja vikiwa sawa, mlipe fundi. Na ndala zenyewe weka mbali kabisa kipindi hiki, kwa mteremko wenu ni za kuongeza mvunjiko wa pili.

Soli ya buti imepinda kama nusu mwezi kwa makusudi. Kifundo hakikunji, kwa hiyo mguu unabingirika juu ya soli badala ya kukunja. Sakafuni ni raha tupu. Kwenye changarawe ya mteremko au kwenye mchanga mlaini wa Kibirizi, soli hiyohiyo inakuangusha. Kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza mguu mgonjwa pamoja na magongo. Ukishapunguziwa na kubaki na gongo moja, lishike mkono wa kushoto, mkono ulio mbali na mguu mgonjwa. Najua mkono utataka kwenda kulia. Ukatae. Mvua ikinyesha na udongo mwekundu ukalainika, siku hiyo hutoki.

Choo cha shimo na buti havipatani. Kuchuchumaa kunahitaji kifundo kikunje, chako kimefungwa, utaanguka kinyumenyume. Tafuta kiti cha plastiki imara, seremala au fundi yeyote akikate tundu katikati na kulainisha kingo, kiwekwe juu ya shimo. Kwa usiku weka ndoo yenye mfuniko chumbani. Wengi wanaoumia upya huumia saa nane usiku, wameamka na usingizi, wakasahau kuwa wamevua buti.

Swala, Alhamdulillahi, haina ugumu uliouogopa. Swali ukiwa umekaa kwenye kiti, rukuu na sijda kwa kuinama. Kukalia mguu kwenye tahiyatu usijaribu mpaka daktari aseme, kwa sababu kule ndiko kukunja kifundo mpaka mwisho. Udhu, kama umeruhusiwa kuvua, vua ukiwa umekaa, osha kwa maji ya kawaida, kausha vizuri katikati ya vidole ndipo urudishe. Kama hujaruhusiwa, au ukifungwa hogo, habari ya kupaka maji juu ya kilichofungwa imamu wa msikiti wenu ataifafanua kuliko mimi.

Kuhusu mama mkwe, msikilize kwa heshima na umtolee sababu moja tu. Usimwambie mzee wa Manyovu hajui kazi. Mwambie mfupa umeonekana kwenye picha kwamba haujahama, na kuukanda ndiko kunakoweza kuuhamisha. Maji moto na mawese yabaki jikoni. Mguu wenye ganzi haujui maji yamechemka kiasi gani. Nimeona ngozi ikibabuka kwa kitambaa cha moto na mgonjwa anasema mbona ni vuguvugu tu. Kama anataka kusaidia, na najua anataka, mpe kazi ya kukagua wayo jioni. Akina mama wakubwa wana macho ya kuona kidonda kabla hakijajulikana.

Bodaboda ya mume wako usiipande kwa sasa, hata akikuapia ataendesha taratibu. Kukaa upande kunaliacha buti lote likining'inia, na ukikaa kwa kutanua, mguu wako mgonjwa ni wa kulia, ambako pikipiki nyingi zina ekzosi. Plastiki inayeyuka, na wewe ndiye wa mwisho kujua. Bajaji inatosha, ingia kwa kukaa kwanza halafu uzungushe miguu, na mguu uunyooshe juu ya kiti ikiwa uko peke yako.

Naye anauliza lini. Mvunjiko wa aina yako, kwa mtu asiye na sukari, mara nyingi hukaa na buti wiki kama sita tangu siku ya kuumia, halafu anaanza kuliacha taratibu: ndani ya nyumba kwanza, saa chache, kisha nje. Kifundo kitakuwa kigumu na kitavimba jioni kwa miezi kadhaa baadaye, usiogope. Mtaalamu wa mazoezi tiba atakufundisha kuandika herufi hewani kwa kidole gumba na kusimama kwa mguu mmoja ukishika meza, ili kifundo kisizoee kuteguka. Lakini wewe tarehe yako haitoki kwa kalenda, inatoka kwa picha ya eksirei na hali ya ngozi yako. Kushuka kwenye ubao wa boti wenye utelezi ni kitu cha mwisho kabisa kurudi, baada ya kutembea mteremko wenu bila gongo.

Biashara haiwezi kungoja hivyo, naelewa. Basi mgawane. Kazi ya Kibirizi ni ya alfajiri, abiria wa bodaboda bado wachache. Wewe unajua maboti gani yanaleta dagaa safi na una namba za wenyewe kwenye simu. Agiza kwa simu, yeye aende na pikipiki akapokee, ahesabu ndoo, akuletee. Mwonyeshe mara moja tu namna ya kuingiza mkono hadi chini ya ndoo na kunusa, maana wa juu siku zote ni wazuri. Kukausha na kugeuza, watoto. Wewe ukae kibandani Mwanga ukipokea hela, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa na mto juu yake, kimo cha kiti au zaidi.